SAFARI YA KWANZA YA NDEGE NI YA BARABARANI

Huenda nawe unadhani kwamba ndege mpya ya kivita ikishaundwa hufunguliwa tu mlango wa karakana, rubani akapanda, akafunga mkanda, ikaruka zake. Mimi pia niliamini hivyo mpaka Jumamosi moja ya muhula wa pili mwaka jana. Siku hiyo nilikuwa steji ya Ruiru nimekumbatia bawa lenye urefu wa sentimita 240, naye makanga wa matatu ananitazama kama mtu aliyeng'oa mlango wa nyumba ya wenyewe akataka kusafiri nao.

"Wewe kijana, hiyo ni mbao ama ni nini?"

"Ni bawa la ndege."

"Ndege? Sasa kama ni ndege si iruke yenyewe ifike Thika? Hapa utalipa viti viwili, ama uteremke."

Abiria waliangua kicheko. Nami nilicheka, ingawa changu kilikuwa cha meno tu. Kicheko chao kilikwisha pale pale, lakini swali la yule makanga lilinikaa kichwani siku nyingi. Kwa nini isiruke yenyewe? Makala haya ni jibu langu kwake, japo sidhani kama atapata nafasi ya kuyasoma.

Kwanza niwaeleze habari za ndege yetu. Sisi wanachama wa Chama cha Sayansi tuliunda ndege ndogo isiyo na injini, ile ya kuteleza hewani, kwa ajili ya mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za upili. Mwili wake ulikuwa wa mianzi. Mabawa tuliyachonga kwa ile povu nyeupe ngumu inayopakiwa pamoja na televisheni, tukayavika karatasi na kuyapaka gundi. Kazi hiyo ilituchukua wiki saba. Shuleni kwetu hapa Ruiru hapakuwa na mahali pa kuirushia. Wazee husema kwamba zamani pande hizi zilikuwa mashamba ya kahawa mpaka macho yachoke. Siku hizi ni ploti na ghorofa, na nyaya za stima zimekatiza kando ya uwanja wetu wa mpira kama kamba za kuanikia nguo. Mwalimu wetu wa Fizikia akatuombea uwanja mpana ng'ambo ya mji wa Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi. Basi tukafunga safari.

Safari ilikwisha kabla hatujafika Juja. Bawa lilikuwa limelazwa kati ya viti, ncha yake ikichungulia mlangoni. Abiria mmoja alipokuwa akiteremka, gari lilisogea kidogo, naye akajishikilia kwenye kitu cha kwanza alichokiona. Tulisikia kwach! Tulifika Thika na ndege yenye bawa moja na nusu. Mashindano yalikuwa Jumatano iliyofuata, na hatukushiriki. Mwenyekiti wa chama hakunisemesha kwa wiki mbili, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeshika upande ule.

Katika wiki hizo mbili za upweke nilisoma. Nilisoma vitabu vya maktaba, nikasoma na kwenye kompyuta ya mwalimu mpaka akanifukuza. Nilichokigundua kilinishangaza: wakubwa wenye viwanda vya mabilioni nao hupanda barabara, nao hukwaruzwa, nao huhesabu milango na madaraja kama sisi.

Sababu ya kwanza ni rahisi. Ndege ambayo haijawahi kuruka bado ni hesabu zilizovikwa bati. Wahandisi wameketi, wamepiga hesabu, wamepuliza hewa juu ya mifano midogo, lakini hakuna mtu duniani anayejua kwa hakika itafanya nini ikiondoka ardhini. Isitoshe, kiwanda kwa kawaida kipo mjini ama karibu na mji, kwa kuwa huko ndiko kuliko na mafundi, umeme na reli. Mahali pa majaribio panatakiwa kuwa kinyume cha hayo: tambarare, pasipo watu wengi, penye njia ndefu ya kurukia, ili hata mambo yakiharibika rubani apate pa kuangukia bila kuangukia paa la mtu. Mahali hapa pawili ni nadra kukutana. Katikati yake lazima kuwe na safari, na safari hiyo ndege huifanya ikiwa mzigo kama mzigo wowote mwingine.

Nianze na ndege ambayo babu zetu waliiona kwa macho yao hapa Kenya. Katika miaka ya 1970 Jeshi letu la Wanahewa lilikuwa na ndege za kivita za jeti ziitwazo Hawker Hunter, kutoka Uingereza. Ya kwanza kabisa ya ukoo huo iliundwa katika kiwanda kilichokuwa Kingston, mji ulio kando ya London. Kiwanda kilizungukwa na nyumba. Kwa hiyo ile ndege ya kwanza ilipakiwa kwenye magari ikapelekwa kwa barabara hadi uwanja wa majaribio wa Boscombe Down, na huko rubani Neville Duke akairusha kwa mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951. Yaani ndege iliyoundwa kupasua mawingu ilipita kwanza mbele ya maduka ya mkate, polepole, nyuma ya lori!

Waingereza walikuwa wamekwisha kuzoea mambo hayo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili walikuwa na trela maalumu ya kubebea ndege, ndefu na iliyolala karibu na ardhi, ambayo askari waliibandika jina la Queen Mary kwa kuifananisha na ile meli kubwa ya abiria. Mwili wa ndege ulilazwa juu yake, mabawa yakawekwa ubavuni. Hata ndege yao ya kwanza kabisa ya jeti, Gloster E.28/39, ilipitia njia hiyo. Kwa kuhofia mabomu ya Wajerumani ilifichwa katika gereji ya magari mjini Cheltenham. Mwezi wa Aprili 1941 ilikimbizwa kwenye uwanja wa kiwanda, ikainuka kidogo tu na kutua, kama kuku anayeruka ua. Uwanja ule haukutosha kwa kazi yenyewe. Ikapelekwa kwa barabara hadi Cranwell, kwenye nafasi pana, na tarehe 15 Mei 1941 Gerry Sayer akaruka nayo kwa dakika 17. Hebu fikiri: gereji! Tena gereji ya kawaida ya magari, kama hizi zetu tunazopita tukienda nyumbani.

Wamarekani nao walitumia reli. Ndege yao ya kwanza ya kivita ya jeti, Bell XP-59A, iliundwa Buffalo, mashariki ya nchi, lakini mahali pa kuirushia palikuwa Muroc, jangwani California, upande wa pili kabisa. Pale Muroc kuna ziwa lililokauka, chini pagumu na pasawa kama sakafu, na ndege inaweza kutua kokote. Mnamo Septemba 1942 walifunga vipande vyake wakavipandisha gari la moshi pamoja na walinzi. Shida ilikuwa injini. Ndani ya injini ya jeti kuna mhimili mzito unaozunguka juu ya beringi, yaani zile gololi za chuma. Mhimili ukikaa kimya huku gari la moshi likitikisika siku nzima, ule uzito hugonga gololi zile zile mahali pale pale mpaka zikapata vishimo. Ndiyo maana walipuliza hewa ya kushindiliwa ndani ya injini njia nzima, ili ziendelee kuzunguka polepole. Ndege ikasafiri imelala huku moyo wake ukizunguka. Tarehe 1 Oktoba 1942 ikaruka. Na kwa kuwa ilikuwa siri, kila ilipokaa nje waliibandika puani panga la mbao la uongo, ili mtu akiiona kwa mbali adhani ni ndege ya kawaida ya panga la kuzunguka. Nilipousoma ujanja huo nilicheka peke yangu maktabani, nikatolewa nje.

Lakini safari iliyonigusa kuliko zote ni ya ndege ambayo kwa hakika haikuwa ya kivita bali ya kijasusi, Lockheed A-12. Ndugu yake, YF-12, ndiyo iliyokuwa ya kivita. Naiingiza hapa kwa sababu inamhusu kila mtu aliyewahi kubeba kitu kirefu kwenye gari la umma. A-12 iliundwa Burbank, California, na ilitakiwa kufika Groom Lake, jangwani Nevada, bila mtu kujua. Mzigo wake mkubwa ulikuwa sanduku lenye upana wa mita 10.7 na urefu wa mita 32. Nilichukua futi kamba nikapima darasa letu: upana wake ni mita saba. Sanduku lile lisingeingia darasani hata kwa kubomoa ukuta mmoja.

Walifanyaje basi? Mwaka mmoja kabla, mwaka wa 1961, waliituma pikapu ndogo ipite njia nzima ikiwa imefungwa vijiti vya mianzi vyenye kuonyesha upana na urefu wa mzigo utakaokuja. Mwanzi ukigonga kibao cha barabarani, wakaandika: kibao hiki king'olewe. Ukigonga tawi: mti huu upunguzwe. Mahali pengine hata kingo za barabara zilichongwa. Tarehe 26 Februari 1962 ndipo sanduku lenyewe lilipotoka Burbank, na likafika tarehe 28. Na licha ya maandalizi yote hayo, njiani lilikwaruza basi la abiria. Wakalipa karibu dola 5,000 papo hapo, mambo yakaisha kimya kimya, bila kesi na bila bima, kwa maana kesi ingezaa maswali. Mwishoni mwa Aprili ndege ikaruka.

Mianzi, wasomaji wenzangu! Na sisi tulikuwa nayo. Mwili mzima wa ndege yetu ulikuwa wa mianzi, wala hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuchukua kijiti kimoja kukipima mlangoni mwa matatu.

Sasa nieleze kwa nini bawa letu lilivunjika kirahisi, ilhali tulipolijaribu shuleni kwa kulitundikia mawe ya kilo mbili halikuvunjika. Bawa huumbwa kubebwa na hewa kutoka chini, na hewa haisukumi mahali pamoja. Imetandaa toka shina hadi karibu na ncha. Mawe yetu tuliyatandaza vivyo hivyo. Lakini mkono wa abiria ulishika ncha peke yake, na ukavuta kwenda chini. Sentimita 100 kutoka shina, uzito mdogo hugeuka kuwa mkubwa. Ni ile kanuni ya wenzo tuliyofundishwa Kidato cha Pili. Ndivyo ilivyo hata kwa ndege za chuma. Juu ya trela haziwekwi ovyo. Kuna mahali maalumu pa kuegemea, penye mbavu imara ndani, na fundi akiiweka kwenye mgongo usio na ubavu, ngozi ya bati hubonyea kama mkebe wa maziwa. Mafuta hukamuliwa yote, kwa ajili ya uzito na kwa kuogopa moto. Kiti cha rubani chenye baruti ya kumrusha nje wakati wa hatari hufungwa kwa pini za usalama ama hutolewa kabisa. Kila tundu huzibwa, maana jiwe dogo likiingia katika injini ya jeti ni hasara ya mamilioni. Mwendo ni wa kobe, na kila baada ya kitambo kifupi gari husimamishwa, kamba zikakaguliwa.

Hata mzigo ukifika salama, hapo ndipo kazi inapoanza. Mabawa yanarudishwa, na bolti zinakazwa kwa kipimo, si kwa nguvu za fundi aliyekula ugali mwingi. Mabomba ya mafuta na nyaya zinaunganishwa upya. Ndege inapimwa uzito kwa kuweka mizani chini ya kila gurudumu, kusudi ijulikane kitovu cha uzito wake kiko wapi, maana kikiwa nyuma mno mkia utazama na ndege itajigeuza. Halafu kuna jambo linaloonekana la kitoto lakini limewahi kuua watu: rubani akielekeza usukani kulia, kile kibati cha nyuma ya bawa la kulia lazima kiinuke, na cha kushoto kishuke. Nyaya zikiunganishwa kinyume baada ya safari, rubani ataenda kulia na ndege itaenda kushoto. Kwa hiyo mtu mmoja huketi ndani na mwingine husimama nje, wakaitana: "Kulia!" "Sawa!" Kisha injini huwashwa ndege ikiwa imefungwa, halafu hukimbizwa ardhini polepole, halafu kwa kasi. Kuruka huja mwisho.

Huenda mtu akauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tusiounda ndege za jeti? Hebu tazama pwani yetu. Mwaka wa 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya mto Rufiji, katika Tanzania ya leo. Waingereza walihitaji kuiona kutoka juu. Wakamkodi rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliyekuwa Durban na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Ndege ikapakiwa kwenye meli Kinfauns Castle hadi kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Kufika tu, rejeta ikavuja. Meli nyingine ikatumwa mpaka Mombasa kutafuta rejeta, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford. Ndiyo hiyo iliyofungwa kwenye ndege! Cutler aliiona Königsberg mwezi wa Novemba, lakini mwezi uliofuata injini ilimshinda akatekwa.

Mnamo Februari 1915 zililetwa ndege mbili za Sopwith. Hizi zilikuwa zimeundwa kwa mbao na gundi katika baridi ya Ulaya, na jua la Mafia lilizifundisha adabu. Gundi iliyeyuka, mapanga ya mbao yakaachana tabaka kwa tabaka, na kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi, zilishindwa hata kuinuka na mzigo wa mabomu. Baadaye zikaja za aina ya Short Folder, ambazo mabawa yake yalikunjwa kuelekea nyuma kama ya panzi ili zipate kuingia ndani ya meli. Mnamo Juni zikaja Farman na Caudron, zikarushwa kutoka kiwanja kilichosafishwa kisiwani Mafia, na kwa kuongozwa nazo mizinga ya Waingereza iliiangamiza Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Nimezitaja hizo Short Folder kwa makusudi. Aliyezichora alifikiria mlango wa meli kabla ya kufikiria mawingu. Mabawa yale yalikunjwa tangu kwenye karatasi.

Na huo wepesi wa hewa ndio uliozileta baadaye ndege mpya huku kwetu kwa majaribio. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyopungua, na sisi wa Ruiru na Thika tunaishi kwenye mita 1,500 hivi. Nairobi ni zaidi ya 1,600. Mwaka wa 1950 Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti, ililetwa ikiwa bado ya majaribio, Khartoum kwa ajili ya joto na Nairobi kwa ajili ya mwinuko. Hiyo ilikuja kwa mabawa yake, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuruka kwao tangu Julai 1949. Mtoto aliyekwisha kutembea hahitaji kubebwa mgongoni.

Na je, leo Kenya tuna nani anayejua kubeba mabawa? Wapo, na wameyabeba mengi. Kati ya mwaka wa 2015 na 2017 mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo ilisafirishwa kutoka bandari ya Mombasa hadi kaskazini, karibu na Ziwa Turkana. Kila mtambo una mapanga matatu, na kila panga lina urefu wa mita 25 na ushei. Piga hesabu mwenyewe: mapanga 1,095. Panga la upepo ni bawa la ndege lililosimamishwa juu ya mlingoti. Umbo ni lile lile, udhaifu ni ule ule. Ilibidi barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis itengenezwe kwanza ndipo malori yapite. Mzigo wa namna hiyo hauruhusiwi kutoka bila kibali cha Mamlaka ya Barabara Kuu, na gari la kuongoza hutangulia na taa zake likiwaonya wengine wakae kando. Mimi mwenyewe usiku mmoja niliona tangi kubwa la chuma likipita Thika Road. Lilipofika kwenye daraja la juu hapa Ruiru lilisimama. Mtu mmoja akateremka na mti mrefu, akausimamisha chini ya daraja, akaangalia, akapunga mkono. Tangi likapita, nafasi iliyobaki ikiwa kama ya shubiri moja. Zamani ningedhani mtu yule ni kibarua tu. Usiku ule nilitaka kumwamkia.

Basi, turudi kwa ndege yetu. Mwenyekiti aliponisemesha tena, nilimweleza habari za Burbank na Mafia, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hivyo unasema tulianza na kosa kwenye karatasi?" Nikasema ndiyo. Tulikata vijiti viwili vya mianzi, kila kimoja sentimita 125, tukaenda navyo steji Jumamosi bila ndege. Makanga alikuwa yule yule.

"Leo mmeleta fimbo?" akasema. "Ndege iko wapi?"

Tulimwomba atuachie dakika mbili kabla gari halijajaa. Tuliingiza vijiti kwa mlango, tukavipitisha chini ya kiti cha nyuma, tukavitoa. Vilienea. Tulirudi shuleni, tukachonga mabawa mawili ya sentimita 120 kila moja, yakiungana katikati kwa ufito wa mwanzi unaoingia ndani ya mwingine, na kukazwa kwa nati nne. Muungano huo uliongeza gramu 90, na mwalimu wa Fizikia alinung'unika kuhusu gramu hizo. Tuliyafunga kwa blanketi kuukuu la nyumbani kwetu.

Kule Thika tuliunganisha kila kitu upya, tukaibeba ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa kutafuta kitovu chake, tukakuta pua imekuwa nyepesi, tukaongeza sarafu mbili za shilingi ishirini. Mwenyekiti alishika mkia na mimi nikasimama mbele. "Kulia!" "Sawa!" Ilipoachiliwa iliruka kwa sekunde tisa, ikaenda ikainama taratibu na kujilaza ndani ya majani ya ng'ombe bila kuvunjika chochote. Tuliirusha mara kumi na nne siku ile, mpaka jua likaanza kushuka na mwalimu akatutaka tuondoke.

Wakati wa kurudi tulifungua zile nati nne, tukayalaza mabawa chini ya kiti cha nyuma, kila mtu akalipa nauli ya kiti kimoja. Makanga aliinama akachungulia blanketi.

"Haya, niambieni. Iliruka?"

"Iliruka. Sekunde tisa."

Akafikiri kidogo, akagonga paa la gari ili dereva aondoe.

"Sekunde tisa si mbaya," akasema. "Lakini kurudi Ruiru bado imepanda matatu."